Birere: Neno moja kwenye karatasi ya polisi linavyoweza kugeuza deni kuwa kosa la jinai

Birere hufanya biashara kwa Kiswahili. Wauza vitenge na viatu, wabadilisha fedha, wamotari na vijana wa chukudu wanaobeba mizigo kutoka upande wa Petite Barrière, mpakani na Rwanda, hupatana bei, hukopeshana na kugombana kwa lugha hiyo. Lakini ugomvi ukifika polisi, lugha hubadilika. Mtu anaongea Kiswahili, ofisa anaandika Kifaransa.

Katika hatua hiyo moja, kutoka mdomoni hadi kwenye karatasi, deni la kawaida la sokoni linaweza kugeuka kosa la jinai linaloadhibiwa kwa kifungo cha kati ya miezi mitatu na miaka mitano.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Februari 18, 2006 inasema lugha rasmi ni Kifaransa. Inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 18, inaagiza kwamba mtu anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa, na kabla ya saa 24 kupita aelezwe tuhuma zote dhidi yake, kwa lugha anayoielewa.

Kwa mkazi wa Birere lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Ila ibara hiyo inazungumzia kuelezwa. Haisemi kwamba karatasi atakayowekewa mbele ili atie saini itaandikwa kwa lugha hiyo.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipouteka mji wa Goma. Wafungwa wa gereza kuu la Munzenze walitoroka Januari 27, na shughuli za mahakama na parke za serikali mjini zikasimama. Aliyekuwa na kesi kabla ya hapo amebaki na karatasi mkononi, na mara nyingi hana wa kumuuliza zina maana gani.

“Nimekula mtaji”

Mfano wa kubuni unaonyesha jinsi tatizo linavyoanza. Mama mmoja anachukua marobota mawili ya nguo za mitumba kwa muuzaji wa jumla. Hawaandikiani. Wanakubaliana kwamba atalipa baada ya wiki tatu. Bei inashuka, mtoto analazwa, fedha za mauzo zinaishia hospitalini. Siku ya malipo inapita, na muuzaji wa jumla anakwenda polisi.

Mama anaitwa na kuulizwa mzigo uko wapi. Anajibu kwa ukweli: “Alinipa mzigo, nikauza, nimekula mtaji, lakini nitamlipa.”

Kwa mtu yeyote wa sokoni, sentensi hiyo ni ya kukubali deni. Kula mtaji ni kuishiwa, ni biashara kuanguka kwa sababu pesa ya kuzungusha imeingia katika matumizi ya nyumbani. Hakuna anayeisikia kama kukiri wizi.

Kwa Kifaransa cha sheria mambo ni tofauti. Kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, iliyotokana na dekreti ya Januari 30, 1940, kinaadhibu kosa liitwalo “abus de confiance”, yaani kuvunja uaminifu. Linamhusu mtu aliyekabidhiwa fedha au bidhaa kwa sharti la kuzirudisha au kuzitumia kwa kazi maalumu, kisha kwa udanganyifu akazigeuzia njia au akazitapanya. Ofisa akitafsiri “nimekula” neno kwa neno, anafika karibu sana na kitenzi kile kile cha kutapanya kilichomo katika kifungu hicho.

Neno la pili la hatari ni “alinipa”. Kwa Kiswahili, kumpa mtu mzigo kunaweza kuwa kumuuzia kwa mkopo, kumwachia amuuzie, au kumwekesha tu. Kisheria hayo ni mambo matatu tofauti. Aliyeuziwa kwa mkopo amekuwa mwenye mali tangu siku ile. Akishindwa kulipa ana deni, na deni hudaiwa kwa kesi ya madai. Aliyeachiwa mzigo wa mtu mwingine auze na kurudisha fedha ameshika mali isiyo yake, na hapo ndipo kifungu cha 95 kinapoweza kumfikia.

Mama huyo hakuulizwa ni lipi kati ya hayo matatu. Ofisa amechagua kwa niaba yake, pengine bila kukusudia, kwa sababu sentensi ya Kifaransa haikamiliki bila kuchagua.

Kongo imefungwa pia na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, iliojiunga nao mwaka 1976. Kifungu cha 11 cha mkataba huo kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kwa hiyo swali la kama mzigo uliuzwa au uliwekeshwa ndilo linaloamua kama mtu analala kwake au kasho.

“Imesomwa, anashikilia, anatia saini”

Karatasi hiyo ya maelezo huitwa “procès-verbal”, au PV kama inavyojulikana mitaani. Huandikwa na ofisa wa polisi ya mahakama, anayejulikana kwa herufi OPJ. Mwishoni huwa na maneno mafupi ya Kifaransa: “Lecture faite, persiste et signe.”

Maana yake ni kwamba maelezo yamesomwa mbele ya mhusika, naye anayashikilia na kuyatia saini. Ofisa naye huapa kwa maandishi kwamba PV ni ya kweli.

Mtu asiyejua Kifaransa akitia saini chini ya maneno hayo, karatasi inasema amesomewa na amekubali. Haisemi amesomewa kwa lugha gani, isipokuwa ofisa ameandika. Ndiyo maana ombi rahisi kuliko yote, la kusomewa PV kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi kabla ya saini na la kuandikwa humo kwamba ilitafsiriwa, lina uzito mkubwa baadaye.

PV si hukumu. Mbele ya mahakama mshtakiwa anaweza kuyapinga yaliyomo, na hakimu ndiye anayepima uzito wake. Lakini atakuwa anapingana na saini yake mwenyewe.

Kuitwa, kuletwa, kuzuiliwa

Karatasi za wito hufanana kwa macho. Zina muhuri, zina nembo, zina saini. Tofauti yao iko kwenye neno moja la juu.

“Invitation” au “convocation” ni wito wa kufika kwa ofisa. “Mandat de comparution” hutolewa na mwendesha mashtaka wa parke, na humtaka mtu afike mwenyewe siku na saa iliyotajwa. Asipofika bila sababu, inaweza kufuata “mandat d’amener”, ambayo huwapa polisi amri ya kumleta, hata kwa nguvu. Ya tatu, “mandat d’arrêt provisoire”, ndiyo inayomfungulia mtu mlango wa kizuizini.

Anayepuuza ya kwanza kwa kudhani ni vitisho vya mdai wake anaweza kuijia ya pili. Anayekimbia ya kwanza kwa kudhani ni amri ya kukamatwa anajiharibia bila sababu.

Majina ya watu nayo hubadilika kadiri faili linavyosogea. “Renseignant” ni mtu anayesikilizwa ili atoe habari, bila kuapishwa. “Témoin” ni shahidi. “Inculpé” ni mtuhumiwa ambaye faili lake liko parke. “Prévenu” ni mshtakiwa aliyefikishwa mbele ya hakimu. “Condamné” ni aliyehukumiwa. Mtu aliyeingia ofisini kama mtoa habari anaweza kutoka akiwa mtuhumiwa, na dalili pekee ikawa neno lililoandikwa mbele ya jina lake.

Saa 48, siku tano, siku 15

Katiba inasema uhuru wa mtu ndio kanuni, na kumzuia ni jambo la pekee. Katika ibara ya 18 inaweka kikomo: polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Muda huo ukiisha aachiwe, au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria inayohusika.

Akifika parke, mwendesha mashtaka anaweza kumwachia au kumwekea hati ya kukamatwa kwa muda. Kwa mujibu wa kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai, ya Agosti 6, 1959, mtuhumiwa lazima afikishwe mbele ya hakimu ndani ya siku tano pale parke na mahakama zinapokuwa katika mji mmoja.

Hakimu humsikiliza katika kikao kisicho cha hadhara kinachoitwa “chambre du conseil”. Hapo haulizwi kama ana hatia. Linaloulizwa ni kama kuna sababu ya kumweka ndani wakati uchunguzi unaendelea. Hakimu akiona ipo, amri yake ya kwanza hudumu siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi mmoja mmoja, kwa masharti.

Familia iliyoketi nje ikisikia “amepewa siku 15” inaweza kudhani ni kifungo, ikaenda nyumbani kuhesabu siku. Siku ya 16 wanarudi na nguo safi za kumpokea. Wanakuta muda umeongezwa, na hawajui kwamba walikuwa na haki ya kuwa na wakili katika kikao kile.

Fedha za aina tatu

Mkanganyiko mwingine ni wa fedha. Sheria inajua malipo ya aina kadhaa, lakini sokoni yote huishia katika sentensi moja: “amelipa, ametoka.”

Ya kwanza ni “amende transactionnelle”. Ofisa akiona kwamba kosa ni la aina ambayo mahakama ingetoza faini tu, anaweza kumwalika mhusika alipe kiasi fulani ili jambo liishie hapo. Fedha hizo ni za hazina ya serikali, kwa hiyo lazima zitolewe risiti. Kiasi kinacholipwa bila risiti hakiwezi kuonyeshwa baadaye kwamba kilimaliza kesi.

Ya pili ni “caution”, yaani dhamana ya fedha inayoambatana na “liberté provisoire”, uhuru wa muda. Hii haimalizi kesi hata kidogo. Ni rehani ya kuhakikisha kwamba mtu atafika kila anapoitwa. Akifika mara zote na kutekeleza hukumu, hurudishiwa fedha zake. Asipofika, anaweza kuzipoteza na kurudishwa ndani.

Ya tatu ni “dommages-intérêts”, fidia anayodai aliyeumizwa au aliyepoteza mali. Ili aipate katika kesi ya jinai lazima ajiunge na kesi kama “partie civile”, upande wa madai. Mdai anayedhani kwamba mdaiwa akifungwa fedha zake zitarudi zenyewe anaweza kubaki na mfungwa asiyezalisha chochote.

Siku kumi

Kosa lenye adhabu isiyozidi miaka mitano husikilizwa na “Tribunal de paix”, mahakama ya amani, kwa mujibu wa sheria ya Aprili 11, 2013 kuhusu mpangilio wa mahakama. Kuvunja uaminifu kunaingia humo. Kosa zito zaidi huenda “Tribunal de grande instance”, ambayo pia hupokea rufaa kutoka mahakama ya amani.

Mshtakiwa anaweza kujieleza kwa Kiswahili mbele ya hakimu, kwa msaada wa mkalimani inapohitajika, huku karani akiandika kwa Kifaransa. Mawakili hubishana kwa Kifaransa. Mwishoni husikika kwamba kesi imechukuliwa “en délibéré”. Hiyo ina maana kwamba mjadala umefungwa na uamuzi utatolewa baadaye. Ikisemwa “remise”, kesi imeahirishwa na kuna siku nyingine ya kurudi.

Hukumu yenyewe huja na neno linalopita haraka masikioni. Ikiwa “contradictoire”, pande zote zilikuwapo, na muda wa kukata rufaa ni siku kumi tangu hukumu iliposomwa. Ikiwa “par défaut”, mshtakiwa hakuwapo. Huyo ana njia ya ziada iitwayo “opposition”, ya kuomba mahakama ile ile imsikilize upya, nayo ni siku kumi baada ya kukabidhiwa hukumu.

Siku hizo kumi hazimsubiri mtu atafute wa kumsomea. Karatasi iliyoletwa na “huissier”, mjumbe wa mahakama, ikakaa wiki mbili chini ya godoro kwa sababu hakuna aliyeielewa nyumbani, inaweza kuwa imefunga mlango wa rufaa.

London ya Shakespeare haikuwa tofauti

Mahakama inayoongea lugha isiyo ya soko si jambo lililoanzia Afrika. Uingereza, ambako leo Kiingereza cha mahakamani huonekana kama kimekuwapo siku zote, iliishi hivyo kwa karne nyingi.

Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, watawala na baadaye wanasheria wake walitumia Kifaransa, na kumbukumbu rasmi ziliandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yanayosemwa juu yao. Kumbukumbu ziliendelea kuwa za Kilatini, na wanasheria waliendelea kuandika kwa Kifaransa chao cha kazi kwa karne tatu zaidi.

Kufikia karne ya 17 Kifaransa hicho kilikuwa kimechanganyika na Kiingereza kiasi ambacho Mfaransa asingekitambua. Mfano unaotajwa sana ni wa Salisbury mwaka 1631. Mfungwa aliyehukumiwa alimrushia jaji kipande cha tofali na kumkosa kidogo. Mwanasheria aliyeandika tukio hilo alichanganya Kifaransa na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Mkazi wa Goma, anayesikia Kiswahili na Kifaransa vikiingiliana kila siku, angeutambua uandishi huo. Mfungwa alikatwa mkono, kisha akanyongwa.

Katika mahakama hizo, kujua lugha kuliweza kuokoa maisha. Kulikuwa na utaratibu wa “nafuu ya makasisi”. Zamani kasisi aliyekosa hakuhukumiwa na mahakama ya mfalme, na kwa kuwa makasisi ndio waliojua kusoma, kipimo cha ukasisi kikawa kusoma aya ya Biblia. Aya iliyozoeleka ilitoka Zaburi ya 51, na watu waliiita aya ya shingo, kwa kuwa aliyeisoma aliepusha shingo yake na kitanzi.

Mwaka 1598 mwandishi wa michezo Ben Jonson alimuua mwigizaji Gabriel Spenser katika pambano la panga. Alikiri kosa, akadai nafuu hiyo, akasoma aya kwa Kilatini. Alinyang’anywa mali, akapigwa chapa ya moto kwenye kidole gumba, akaachiwa. Mtu asiyejua kusoma, kwa kosa hilo hilo, angenyongwa. Wanawake hawakupata nafuu hiyo sawa na wanaume hadi miaka ya 1690. Kipimo cha kusoma kiliondolewa mwaka 1706.

Mwaka 1650, baada ya mfalme kuuawa na Bunge kushika madaraka, iliamriwa kwamba sheria na kumbukumbu zote ziwe kwa Kiingereza. Ufalme uliporudi mwaka 1660, amri hiyo ikafa na Kilatini kikarejea. Ni sheria iliyopitishwa mwaka 1731, na kuanza kutumika Machi 1733, iliyomaliza jambo hilo kabisa.

Kutoka ahadi ya 1362 hadi utekelezaji wa 1733 ni miaka 371.

Lugha ya nani?

Hata ushindi huo ulikuwa na kasoro. Sheria ya Kiingereza ilienezwa hadi Wales, ambako wengi waliongea Kiwelshi. Huko Kiingereza kilikuwa tayari lugha ya mahakama tangu mwaka 1536. Kwa mkulima wa Wales, kilichobadilika mwaka 1733 ni kwamba lugha moja asiyoielewa ilichukua nafasi ya nyingine. Alisubiri hadi mwaka 1942 kupata sheria iliyomruhusu kutumia Kiwelshi mahakamani bila kukwama.

Somo hilo lina maana kwa eneo la Maziwa Makuu. Tanzania, ambako mahakama za mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zote. Hatua hiyo inaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sheria. Lakini mwanamke aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Masisi au Rutshuru, akafika Goma na Kinyarwanda, Kihunde au Kinande tu, atahitaji mkalimani hata PV ikiandikwa kwa Kiswahili.

Ndiyo maana maneno ya ibara ya 18 yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Hayasemi Kifaransa wala Kiswahili. Yanasema lugha anayoielewa mtu huyo aliyekamatwa.

Kabla ya saini

Sheria inampa mtu zaidi ya haki ya kuelezwa. Ibara ya 18 inamruhusu kuwasiliana mara moja na familia yake au wakili wake. Ibara ya 19 inamruhusu kusaidiwa na mtetezi anayemchagua katika hatua zote za kesi ya jinai, pamoja na uchunguzi wa polisi. Wakili si mtu wa kutafutwa siku ya hukumu tu.

Kwa asiye na uwezo, sheria ya mawakili ya mwaka 1979 inataka kila chama cha mawakili kiwe na ofisi ya ushauri wa bure. Katika mahakama za amani na za “grande instance” wapo pia watetezi wa mahakama, “défenseurs judiciaires”, ambao si mawakili kamili lakini wanaruhusiwa kutetea huko.

Wakati mahakama za serikali mjini Goma zilipokuwa zimefungwa, ugomvi mwingi wa madeni haukuwa na pa kwenda zaidi ya kwa shefu wa mtaa au kwa wale waliokuwa na bunduki. Makubaliano ya usuluhishi nayo huandikwa na kutiwa saini, na maneno yake yanaweza kusomwa siku moja na hakimu. Aliyeandikiwa kwamba “alikabidhiwa” mzigo, badala ya kwamba “aliuziwa kwa mkopo”, amebeba hatari ile ile.

Kwa mfanyabiashara wa Birere, kinga ya kwanza inaanzia mbali na polisi, siku ile ya kuchukua mzigo. Karatasi ya mkono yenye mistari minne inatosha: nani amempa nani, mzigo gani, kwa bei gani, na kwamba ni mauzo ya mkopo ya kulipwa tarehe fulani, au kwamba ni mali ya kuuza kwa niaba ya mwenyewe. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Pande zote mbili zikitia saini, ofisa atakayeshika kesi hatalazimika kukisia maana ya “alinipa”.

Na siku ambayo PV imewekwa mezani, kalamu ikiwa juu yake, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kuishika. Nimeandikwa hapa kama nani? Natuhumiwa kosa gani? Mzigo umeandikwa kwamba niliuziwa au niliwekeshwa? Na je, naweza kusomewa yote kwa Kiswahili, na hilo liandikwe?